Ziwa Liwe Upande wa Bibi

Bosi alimwambia mume wangu: "Mkeo aliwahi kukaa Uskoti. Muulize majina ya miji, kisha wewe utuchoree barabara."

Mume wangu aliyaleta maneno hayo nyumbani kwetu Suwaidi, mtaa wa Riyadh, kama mtu aliyeleta zawadi. Nilikuwa nachagua mchele. Nikamuuliza kama ni kweli yeye ndiye wa kuchora barabara, akasema ndivyo alivyoagizwa. Nikamuuliza kama ameshafika Uskoti. Tulijua sote wawili kwamba hajawahi kuvuka Suez. Mie ndiye niliyeendesha gari katika milima ile, jua na theluji, miaka miwili na ushei, peke yangu, na mkoba wa ukunga kwenye kiti cha pembeni. Lakini kwangu bosi alitaka majina ya miji tu, kama unavyomuuliza mtoto jina la skuli yake.

Nieleze kidogo nilifikaje huko. Nilitoka Unguja msichana, kabla ya Mapinduzi, kwenda kusomea uuguzi Edinburgh. Sijamaliza, mambo yakapinduka nyumbani. Baba akaniandikia barua ya mistari minne akinambia nisirudi mpaka aniite, na hakuniita. Nikaendelea na ukunga, na nilipohitimu nikapelekwa pwani ya magharibi, juu kabisa, kushika nafasi ya muuguzi wa vijijini aliyekuwa mgonjwa. Kule nyumba ziko mbalimbali, na muuguzi asiyeendesha gari hana kazi. Polisi wa kijiji alinifundisha, nikashindwa mtihani mara ya kwanza, nikapita mara ya pili. Nikapewa gari dogo la kijivu ambalo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba, na kwa gari lile niliwawahi wajawazito katika theluji ambayo hata bwana posta aliikimbia.

Kisha shangazi zangu waliokimbilia Jeddah wakanitafutia mume, Muunguja mwenzetu, karani wa bandarini, mtu mpole mwenye mwandiko mzuri wa Kiarabu. Nikaolewa. Siku niliyoteremka uwanja wa ndege wa Jeddah ndiyo siku niliyoacha kuendesha. Sikulalamika, kwa sababu nilijua desturi ya mahali kabla sijapanda ndege. Nilichokuwa sikijui ni kwamba watu wangegeuza, waseme sikuwahi kuendesha kabisa.

Ilikuwa miaka ile mafuta yalipopanda bei. Riyadh kila mtaa ulikuwa shimo, na juu ya kila shimo pana winchi. Bosi alikuwa mkandarasi wa majumba, na saruji yake ilikaa baharini miezi kwa miezi kwa kuwa meli zilijipanga nje ya Bandari ya Jeddah zikikosa pa kufunga. Alimchukua mume wangu kutoka bandarini kwa sababu alijua mlango gani wa kubisha ili karatasi itembee. Akatuhamishia Riyadh, akawa kafili wetu, mdhamini wa kukaa kwetu nchini, na aliposikia kwamba mie ni muuguzi akanipa kazi ya kumtunza mama yake.

Mama huyo nilimwita Bibi. Alikuwa na sukari na magoti mabovu. Alizaliwa milima ya kusini, Asir, ambako ukungu huingia mpaka jikoni, na mwanawe alipotajirika akamleta Riyadh, akamtia katika chumba chenye kiyoyozi na dirisha linalotazama ukuta. Kila asubuhi nilipokuwa nikimchoma sindano aliniuliza leo mvua inanyesha wapi. Nilikuwa namjibu jina lolote lililonijia: Unguja, Taif, Edinburgh. Nikitaja Edinburgh alikuwa akisema, "Huko hainyeshi leo tu."

Watu wa daraja la bosi walikwenda London kila kiangazi, na mkewe, ambaye sote tulimwita madam, alikuwa amechoka kukutana na majirani zake wa Riyadh katika maduka ya London. Bosi akasikia habari za Uskoti, kijani na baridi na barabara za milimani. Akaazimia kuwapeleka familia yake siku kumi na mbili na kuendesha mwenyewe, bila dereva: yeye, madam, watoto wao wawili, na Bibi. Na mie ningekwenda kumhudumia Bibi. Hilo lilisemwa tangu mwanzo, na sitaficha kwamba ndilo lililonitia ari.

Kazi ilinichukua wiki tatu. Ramani nilikuwa nayo sandukuni, imechanika kwenye mikunjo, nikaibandika kwa plasta ya vidonda na kuitandaza juu ya meza ya Bibi. Sikuanza na mandhari, nilianza na watu watakaokaa ndani ya gari. Bibi lazima ashuke kila baada ya saa moja anyooshe magoti. Mtoto wa pili hutapika penye kona. Bosi mwenyewe alizoea barabara ya Dammam iliyonyooka kama uzi na gari lenye usukani wa kushoto, na kule angekaa kulia na kupita kushoto. Kwa hiyo siku ya kwanza nikampa mwendo mfupi tu, kutoka Edinburgh mpaka Stirling, barabara pana, apate kuzoea mizunguko kabla hajaonana na mlima.

Lililonishughulisha zaidi lilikuwa kiti cha Bibi. Kwa magoti yake hakuwa na budi kukaa mbele, na kule abiria wa mbele hukaa kushoto. Nikataka maji yawe upande wake. Barabara ya Loch Lomond inafuata ukingo wa magharibi. Ukipanda kaskazini, ziwa liko kulia kwa dereva, na Bibi angetazama mwamba na magugu mwanzo mpaka mwisho. Ukishuka kusini, ziwa lote ni lake. Basi nikawapandisha kwa njia ya Callander, ambako barabara inapita mashariki ya ziwa dogo liitwalo Lubnaig, maji mkono wa kushoto karibu kuyagusa, na Loch Lomond nikaiacha siku ya mwisho, wakati wa kushuka. Loch Ness nayo hivyo hivyo: wazunguke kwa pwani ya magharibi, wafike Inverness kwanza, kisha wateremke nayo.

Nilipomweleza Bibi hakunielewa. Nikaweka viti viwili sambamba katikati ya chumba, yeye nikamkalisha cha kushoto, mie nikakaa cha kulia na sinia mkononi ndiyo usukani, nikamwonyesha ziwa liko wapi tukienda na liko wapi tukirudi. Alicheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo ikawa darasa letu la kila siku. "Leo tuko wapi? Maji yako upande gani?" Hakujua kusoma, lakini baada ya wiki mbili angeweza kukutajia milima, maziwa na madaraja yote kwa mpangilio bila kukosea.

Mengine nayo niliyaandika. Kwamba kiangazi kule sala ya Magharibi haiingii mpaka saa nne za usiku, na Isha hukaribia kuikuta Alfajiri njiani, wasije wakadhani saa zao zimeharibika. Kwamba wajaze petroli Jumamosi, kwani Jumapili pampu hufungwa. Kwamba wale samaki na mayai, lakini waulize kwanza mafuta ya kukaangia. Kwamba jioni isiyo na upepo wasikae kando ya maji, kuna visubi wasioonekana kwa macho na wanaouma kama moto. Barabara za gari moja nilizieleza kwa kirefu, na vile vituo vya kupishana: kikiwa kushoto ingia, kikiwa kulia simama mkabala nacho, mwache mwenzako aingie, na akikupisha umwinulie kiganja. Kuna mlima mmoja wa kwenda Applecross wenye kona kama kiwiko, mie mwenyewe niliupita kila wiki. Nikaandika kwamba asubuhi ya kupanda bosi atazame kilele. Kikiwa na wingu asipande. Akifika juu azime gari, amshushe mama yake, na watulie tu.

Kiarabu changu ni cha Kurani na cha sokoni, kukiandika siwezi. Nilimsomea mume wangu kwa Kiswahili, naye akaandika kwa Kiarabu kwa ule mwandiko wake, kurasa kumi na tisa, nyuma ya karatasi za shehena ya saruji. Ukurasa wa kwanza nilimwambia aandike kwamba njia hizi zimepangwa na mie, muuguzi wa Bibi, kwa kuwa nimeziendesha. Aliandika. Niliona kwa macho yangu.

Siku chache baada ya karatasi kupelekwa, Bibi alinambia, bila ubaya wowote, kwamba mwanawe amefurahi sana. Alikuwa amewasomea wageni wake majlisini, wote wakashangaa, na bosi akasema kwamba karani wake Muunguja ana akili ya barabara kuliko mhandisi. Nikamuuliza Bibi mume wangu alisema nini. Akasema alishukuru.

Nilirudi nyumbani nimekaza meno. Nilimkuta anavua viatu.

"Ukurasa wa kwanza uko wapi?"

Hakujifanya kutoelewa, na hilo nampa haki yake. "Niliutoa."

"Kwa nini?"

"Angeuona huo asingefungua wa pili."

"Basi asingefungua. Wangepotea wao, si mie."

Alikaa kitako mle mle mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Akasema kwamba ikama zetu, vibali vya kukaa nchini, ziko katika kabati la bosi, pasi zetu pia, na mtu aliyesifiwa mbele ya wageni hawezi kusimama akasema sifa si zake, kwani atakuwa amemwaibisha aliyemsifu. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. Laiti angenigombeza ningejua pa kumshika. Nikamwambia kwamba mie sikuomba asimame. Nilimwomba asinywe kahawa ya sifa zangu. Siku nyingi baada ya hapo tulisemezana mambo ya chumvi na sabuni tu.

Wiki moja kabla ya safari familia nzima ilihamia Jeddah, kwenye nyumba yao ya pwani, wapandie ndege huko. Mie nilikuwa na Bibi, na mume wangu aliitwa kwa kazi za bandarini. Bosi alikuwa na mshauri wake hapo, mhandisi Mwingereza aliyesimamia kushusha saruji, na siku moja baada ya chakula cha mchana akampa zile karatasi, mume wangu azitafsiri, ili mzungu azihakiki. Sisi tulikuwa chumba cha pili, mlango umerudishwa tu, na kila kitu kilisikika.

Nikasikia penseli ikikwaruza. Mhandisi alikuwa anafuta. Akasema njia hii ni ya mtu aliyelewa: inakwenda kushoto na kulia, inapanda huku na kushuka kule. Kuna barabara kubwa nzuri katikati ya nchi, mpya, na hoteli kubwa zenye lifti. Kwa nini mtu apande kwa Callander akaiacha Loch Lomond? Kwa nini azunguke pwani yote kufika Inverness? Ni kupoteza petroli. Bosi akamwambia mume wangu amjibu. Kiti cha Bibi nilikuwa nimemsomea kama sentensi moja tu kati ya mia, na wala hakukumbuka. Nikasikia nyayo zake zikija mlangoni.

"Nambie nimjibu nini," alininong'oneza.

Nilimwambia, "Sikwambii. Nitajibu mwenyewe."

Akanitazama kama niliyesema nitaruka dirishani. Lakini Bibi alikuwa amesikia, na Bibi hakuwa mjinga. Akanyoosha mkono nimwinue. "Nataka kukaa na mwanangu," alisema, "na sitembei bila muuguzi wangu." Nikajifunika vizuri, nikamshika, tukaingia.

Mhandisi alisimama kwa heshima ya Bibi. Nikamkalisha, kisha nikamweleza mhandisi kwa Kiingereza, na baadaye kwa Kiarabu changu cha kuombea maji, sababu ya Callander na sababu ya Inverness: mama huyu atakaa kushoto, na maji tumemwekea kushoto. Mhandisi alinisikiliza akitabasamu. Akaniuliza ni nani aliyekuwa akinipakia katika barabara hizo.

"Nilikuwa najipakia mwenyewe," nikamwambia. "Nilikuwa muuguzi wa vijijini."

Alimwangalia bosi, si mie, na kumwambia kwamba anaifahamu nchi yake, na hakuna mtu kule ambaye angempa msichana wa Kiafrika gari la serikali. Alisema kwa sauti ya kunihurumia, kama daktari anayezungumza na mwenye homa. Nimetukanwa mara nyingi maishani, na mengi nimeyasahau. Hilo sijalisahau.

Leseni yangu nilikuwa nayo mkobani, kile kijitabu chekundu. Nimekihifadhi na cheti cha ukunga tangu nilipoondoka. Nikakitoa nikampa. Jina langu limo, anwani ya kile kijiji imo, saini yangu imo. Akakipindua pindua, na huyu mtu aliyeifahamu nchi yake akapata maneno mawili ya kusema: kwamba hakina picha, na kwamba muda wake umekwisha. Leseni za kwao hazikuwa na picha. Za mtu yeyote hazikuwa na picha, hata ya kwake.

Bosi akakichukua. Alikitazama kidogo, akasema, "Halas, basi," akanyoosha mkono kukirudisha, na hakunirudishia mie. Alimpa mume wangu.

Niliona uso wa mume wangu. Alikishika kijitabu kile kama amepewa kitu cha moto. Kisha akavuka zulia lote, akaniwekea mkononi, akageuka na kusema kwa Kiarabu safi, polepole, kila mtu asikie: "Hiki ni chake. Na karatasi hizo ni zake pia, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mie nimeandika tu."

Bosi hakukasirika kwa sauti. Alimwambia mhandisi apange upya kwa ile barabara kubwa, na akamwambia mume wangu kwamba safari hii madam atamhudumia Bibi mwenyewe, hapana haja ya muuguzi. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba siendi. Bibi akanyoosha mkono na kusema, "Kama hamzitaki karatasi hizo nipeni mie," na zikapewa yeye, akazikunja akazitia katika mkoba wake wa dawa.

Siku waliyosafiri nilimwonyesha madam namna ya kuchoma sindano, nikimtumia chungwa. Alikuwa na mkono mwepesi. Aliniambia anasikitika, nikamwambia asisahau kubadilisha paja, leo la kulia kesho la kushoto. Sikuwa na moyo wa kumpa kingine. Nikaenda kukaa kwa shangazi yangu, na kila adhana ya Adhuhuri nilijikuta napiga hesabu sasa wako wapi, na nikikumbuka kwamba hawako nilikowapanga, damu ilinipanda kichwani. Mume wangu alikuwa akingoja kuitwa ofisini na kuambiwa mafi kazi, mafi ikama, yaani hakuna kazi wala kibali. Hakuitwa. Saruji ilikuwa bado baharini na hapakuwa na mwingine wa kuishusha. Katika siku hizo tulianza tena kuzungumza kama watu. Nilimsamehe kwa kuvuka lile zulia. Ukurasa wa kwanza sikumsamehe, nilimwambia hivyo, naye akasema ni haki yangu.

Waliporudi, Bibi alinitaka mchana ule ule. Nikamkanda miguu naye akanihadithia, akikatiza na kurudia. Siku tatu za mwanzo walifuata njia ya mhandisi. Barabara pana, malori mbele, malori nyuma, mvua ipo lakini haionekani kwa tope lililokuwa likirushwa na magurudumu kwenye kioo. Hoteli zilikuwa na lifti kweli. Siku ya nne walisimama kununua petroli, Bibi akateremka, akakaa kwenye benchi ya nje katika manyunyu, na akakataa kurudi garini.

"Nikamwambia mwanangu, maji yamekuwa upande wako tangu asubuhi. Umenileta mbali hivi kutazama mawe? Mawe ninayo Riyadh."

Bosi alibembeleza, akakasirika, akasema yalla, twende, watu wanatutazama. Bibi akatoa karatasi mkobani, akaziweka mapajani zikirowa. Madam ndiye aliyekwenda akazichukua. Alizipangusa kwa shungi lake, akasoma ukurasa mmoja kimya, kisha akasoma kwa sauti, na mumewe akasimama na ufunguo mkononi akisikiliza. Tangu hapo, alisema Bibi, madam alikaa nyuma akisoma na bosi akafuata. Walikwishapoteza siku tatu, lakini walirudi chini mpaka Callander ili waanze pa kuanzia. Bibi ndiye aliyeshikilia. Lubnaig aliiona mkono wake wa kushoto, ukungu umelala juu ya maji, na alimwomba mwanawe asiende mbio.

Habari za mlima wa Applecross alinipa madam, alipokuja kukaa nasi, jambo ambalo hajapata kulifanya kabla. Asubuhi ile kilele kilikuwa safi, bosi akapanda. Kwenye kona ya pili wakakutana uso kwa uso na gari bovu linateremka. Bosi aliganda. Kushoto kwake bonde, nyuma yake kona, mikono haisogei kwenye usukani. Ndani ya gari lile alikuwamo bibi kizee peke yake, mvi tupu, na kondoo amekaa kiti cha nyuma. Kikongwe yule alimtazama bosi kidogo, akaelewa, akatia rivasi, akarudi nyuma mlima mzima akipinda zile kona mpaka kituo cha kupishana, akasubiri hapo. Bosi alipompita akasahau kuinua kiganja. Watoto ndio waliompungia.

"Alisema nini?" nilimuuliza madam.

"Hakusema kitu mpaka juu. Juu akazima gari, kama ulivyoandika."

Mtu angenambia kwamba nilifurahi, ningekubali nusu. Bibi alikuwa ameona alichotaka, na hilo lilikuwa kubwa kwangu. Lakini wiki ile ile majlisi ya Riyadh ikajaa, na mume wangu akanieleza jinsi bosi alivyokuwa akihadithia: namna alivyogundua kwamba Loch Lomond ni ya kushukia, namna alivyosoma wingu kwenye kilele kabla ya kupanda. Kikongwe na kondoo wake hawakuwamo. Muuguzi hakuwamo. Wageni wakataka nakala, zikapigwa kwenye mashine ya ofisini, na mume wangu ndiye aliyesimama kuzipiga. Alimwambia bosi kwamba ule ukurasa wa kwanza anao, ameuhifadhi, na angependa uingie. Bosi alimwambia hapana haja ya kurefusha. Hasira zilinishika jioni hiyo, na mume wangu zikamshika pia, jambo ambalo angalau lilikuwa jipya.

Miezi ikapita. Kiangazi kingine kilipokaribia, bosi alikuja mlangoni kwa Bibi wakati nampima sukari. Kawaida alikuwa akisema na mama yake kana kwamba mie ni pazia. Safari hii alisimama, akaangalia sakafu, akaanza kusema kwamba atamtuma mume wangu aniulize kuhusu kule kaskazini kabisa, mwisho wa nchi, kama barabara inafaa.

Nikamwambia, "Baba, usimtume mtu. Mume wangu hajui. Ukitaka kujua niulize mie, na nikikuandikia jina langu litakuwa juu."

Bibi aliacha mkono wake ndani ya wangu, hakuusogeza. Bosi hakuomba radhi, wala sikutegemea. Akasema, "Tayyib, haya," kisha akaingia, akavuta kiti, akakaa, akaniuliza barabara ya kaskazini ikoje kwa mtoto anayetapika.

Nilimaliza kwanza kumfunga Bibi pamba kidoleni. Halafu nikamjibu, kwa sababu mtoto hakuwa na kosa, kwamba kaskazini kona ni nyingi na nyumba ni chache, na kwa mwaka huo bora waende kisiwani Mull, wavuke na feri asubuhi na wasipange mengine siku hiyo.